Mstari Nilioujaza kwenye Orodha ya Igowole

Igowole, Jumapili alasiri

Mwanangu Danieli,

Umetoka na Bibi kwenda kuaga majirani, na kwa manyunyu haya mtachelewa kurudi, kwa hiyo nina nafasi. Habari za blanketi na sabuni, na kwamba usinunue chakula cha barabarani basi litakaposimama Chimala, Bibi amekwisha kukuambia mara tatu, na kesho alfajiri atakuambia mara ya nne. Sitazirudia. Nina jambo jingine, ambalo nimeliogopa mwaka mzima.

Najua utacheka ukiona nimekuita mwanangu. Nina miaka kumi na saba, wewe kumi na miwili, na wenzako wanakutania kwamba mama yako bado anaruka kamba. Lakini mdogo wa mama ni mama. Siku tulipomzika mama yako, dada Anjela, wazee walikuchukua wakakuweka mapajani mwangu, na miguu yako ikagusa chini. Watu waliokuwa wanalia wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikushika kiuno nikawaza, huyu sasa ni wangu, nisimdondoshe.

Nilikudondosha. Nikuambie mara moja, kisha nieleze.

Baba yako hakukuacha. Hakwenda Chunya kutafuta dhahabu kama tulivyokuambia. Alichukuliwa na askari, akarudishwa Kenya kwa nguvu, na walimpata kwa sababu ya mstari mmoja nilioandika kwa mkono wangu.

Ukitaka kuiweka barua chini hapa, iweke. Ukiweza, endelea.

Unamjua baba yako kwa jina la Luvanda, kama watu wote wa hapa. Hilo ni jina la ukoo wetu sisi, si la kwao. Yeye alikuja huku na wenzake watatu kupasua mbao za nyumba za wazungu wa mashamba ya chai. Wenzake walipomaliza kazi waliondoka, yeye akabaki kwa ajili ya mama yako. Nilikuwa mdogo sana, nasimulia nilivyosimuliwa. Babu yako Jumbe alimkalisha katikati ya wazee, akampa ulanzi, akamwambia, "Sisi hatuna mkwe mgeni. Mtu anayelala kwetu anaitwa kwa jina letu. Kuanzia leo wewe ni Luvanda, na figo huli." Unajua mwenyewe kwamba figo ni mwiko wetu. Baba yako akauliza, "Hata kidogo?" Wazee wakasema hata harufu. Akanywa ulanzi, akasema basi, figo kwaheri. Tangu siku hiyo walimwita mnyalukolo, yaani mtu wa ukoo, na kwenye kitabu cha kodi akaandikwa Luvanda. Miaka ikapita, hata watoto wa kijiji hawakujua kama aliwahi kuwa na jina jingine.

Wewe ulijua kidogo. Mkiwa wawili alikuita Kamau. Wakati fulani nilikusikia ukimwuliza kwa nini, akakujibu kwamba kwao mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu, na kwamba hilo jina ni la nyumbani, si la kutembea nalo.

Mimi alinipa jina la kakakuona, kwa sababu ukinigusa najikunja. Nikirudi likizo alikuwa anasema mbele za watu, "Karibu shemeji kakakuona! Safari hii umekuja na kichwa au kimebaki shuleni?" Wote wanacheka, na mimi nashindwa kujibu, naingia jikoni na moyo unauma. Naandika haya ili usidhani nilikuwa msafi kabisa siku ile ninayotaka kukueleza. Nilimpenda baba yako. Pia kulikuwa na kijiwe kidogo cha hasira juu yake, na sijui kilikuwa na uzito gani katika mkono wangu. Nimejaribu kukipima mwaka mzima.

Nilipomaliza darasa la nane nilibaki Iringa kwa ndugu zetu wa Kihesa. Boma lilikuwa na upungufu wa waandishi, na mwalimu wangu akapeleka jina langu kwa sababu ya mwandiko. Wakanichukua kwa wiki sita kunakili barua na vitabu. Nilikaa chumba cha nyuma na karani mkubwa, Mzee Athumani, ambaye babu zake walikuja na misafara kutoka pwani. Kila siku saa nne alikuwa anakunywa chai ya tangawizi kwenye kisahani. Siku ya tatu akaniambia, "Binti, wewe na hii taipu ni ndugu. Mwandiko safi, lakini hamtoi neno mpaka mtu awagonge."

Wakati ule kila mtu mjini alikuwa anazungumza habari za Kenya. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa kule, watu wanapigana misituni, na askari wengine wa huku kwetu walikuwa wamepelekwa. Wazungu wa mashamba walikuja boma na bunduki ndani ya magari. Kisha ikaja barua kutoka Mbeya, kwa Mkuu wa Jimbo, ambaye naye alikuwa ameandikiwa kutoka Dar es Salaam. Walitaka kujua kama vita vile vinaweza kufika huku, na Iringa inafanya nini.

Mwanangu, mimi nilikuwa naamini kwamba serikali ni kama mtu mmoja mkubwa sana ambaye anajua mambo tusiyoyajua. Siku ile nilisikia jinsi inavyoamua. Chumba changu kilitenganishwa na cha Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, kwa ukuta wa mbao tu, na Kiingereza cha darasa la nane kilinitosha. Walikuwa watatu: yeye, mkubwa wa polisi, na mzungu mmoja mwenye shamba la chai.

Bwana Shauri alisema, "Mimi sijaona lolote. Ni wapasua mbao wachache, wameoa hapahapa."

Mwenye shamba akasema, "Kule Kenya nako hawakuona lolote, mpaka siku walipoona. Nina mke na watoto wawili. Jirani yangu wa karibu yuko maili kumi." Sauti yake ilitetemeka. Nilishangaa, maana sikujua kwamba mzungu mwenye bunduki anaweza kuogopa hivyo.

Halafu mkubwa wa polisi akasema, taratibu kabisa, "Tukiandika majina na lisitokee lolote, hakuna atakayetuuliza. Tusipoandika na likatokea, tutaulizwa sisi watatu."

Hapo shauri likaisha. Bwana Shauri akasema, "Basi, orodha. Orodha tu, kwa tahadhari."

Hakuna aliyemchukia baba yako ndani ya chumba kile. Hawakujua kwamba yupo. Kila mmoja aliogopa kuwa ndiye atakayeulizwa.

Siku ya pili nilinakili barua ya kwenda kwa majumbe wote, wakuu wa vijiji. Ilitaka kila jumbe ataje watu waliotoka Kenya, makabila yao, kazi zao na wamekaa muda gani. Chini iliandikwa kwamba atakayeficha mtu ataadhibiwa. Niliinakili mara nyingi hata nikaishika kwa moyo. Majibu yakaanza kurudi, nami kazi yangu ikawa kuyaingiza kwenye kitabu kikubwa chenye kurasa za namba, kila kijiji na mistari yake.

Jibu la Igowole lilikuja na neno moja. "Hakuna." Chini yake dole gumba la Babu yako Jumbe.

Ilikuwa Ijumaa, Mzee Athumani amekwenda kuswali. Nilikaa na kalamu mkononi mbele ya mstari ule mtupu. Nilimwonea aibu Babu, kwamba amedanganya kwenye karatasi ya serikali. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba kitabu cha serikali kikiwa na uongo mmoja chote ni uongo. Nikaogopa pia lile neno la adhabu: wakigundua, watamfunga mzee wetu. Nilijiona nina akili, kwamba namwokoa. Na kile kijiwe nilichokuambia nacho kilikuwepo. Nakumbuka niliwaza, huyu anayenicheka, leo mimi ndiye ninayejua jina lake.

Sikujiuliza kwa nini wazee walimpa jina letu. Nilidhani ni desturi ya kufurahisha harusi. Sikuelewa kwamba kwa neno lile moja, "Hakuna," Babu alikuwa anasema ukweli wake: hapa hakuna Mkenya, kuna Luvanda. Nikaandika jina ambalo dada Anjela aliwahi kuninong'oneza:

"Njoroge wa Kamau, aitwaye Luvanda. Mkikuyu. Mpasua mbao. Igowole."

Niliandika vizuri sana. Nilikausha wino kwa karatasi ya kunyonya, nikakaa namsubiri Mzee Athumani anisifu. Laiti ningemsubiri kwanza nikamwuliza. Alirudi baada ya saa moja. Saa moja tu, Danieli.

Aliporudi alivaa miwani akapitisha kidole. Kikasimama.

"Igowole si walisema hakuna?"

"Nimesahihisha."

"Umesahihisha," akasema. Akakaa. Akamimina chai kwenye kisahani, asiinywe. "Nani alikutuma?"

Nikajikunja.

"Binti, jumbe wa Igowole ni mtu mzima. Unadhani hajui kuhesabu? Orodha ikija tupu, inapita tupu. Bwana Shauri mwenyewe alikuwa anaomba zije tupu, apate kuwajibu wa Mbeya kwamba huku ni salama. Huyu mtu ni nani kwako?"

"Shemeji yangu. Mume wa marehemu dada."

Alivua miwani. Sijawahi kuona mtu akinitazama vile, bila hasira, kama anayemtazama mtoto aliyevunja kitu asichojua thamani yake.

"Uchane ukurasa, mzee," nikamwambia. Ni mara ya kwanza nilizungumza naye bila kugongwa.

"Una namba. Nikiuchana nitaulizwa mimi, na nina watoto saba." Akafunga kitabu polepole. "Pengine hakitatokea kitu. Ni orodha tu."

Naye akasema hivyo hivyo.

Baada ya wiki mbili ikaja barua nyingine kutoka juu. Mambo ya Kenya yalikuwa yamezidi, kwa hiyo waliomo kwenye orodha wachunguzwe. Niliinakili. Siku yangu ya mwisho kazini ikaja ya tatu, kwamba kuwachunguza mmojammoja kutachukua muda mrefu na askari hawatoshi, kwa hiyo warudishwe kwao wote. Kila barua ilisema ni kwa tahadhari. Ungezisoma moja moja usingeona ubaya mkubwa. Kila moja ilipita ile iliyotangulia hatua moja tu. Ya kwanza ndiyo iliyohitaji jina, na jina nilikuwa nimelitoa mimi.

Siku hiyo nilikwenda mpaka mlangoni kwa Bwana Shauri. Nilikuwa nimepanga maneno kwa Kiingereza: huyu mtu ana mtoto, mkewe amekufa, ameishi kwetu miaka mingi, niliandika kwa kukosea. Nikasimama pale nikiyarudia moyoni. Mlango ukafunguliwa, akatoka mwenyewe, mrefu, amechoka, ndevu hazijanyolewa. Akaniuliza kwa upole, "Ndiyo, binti?"

Nikasema, "Wino umekwisha, Bwana."

Akarudi ndani akaniletea chupa nzima.

Hii ndiyo inayoniamsha usiku kuliko ule mstari wenyewe. Mstari niliandika kwa ujinga. Wino niliomba nikiwa najua.

Nilirudi Igowole siku mbili kabla ya lori la askari kufika. Utakumbuka nilikuletea penseli mbili. Siku hizo mbili nilikuwa ua mmoja na baba yako. Jioni ya kwanza alinichekea, "Kakakuona amekuwa mtu wa boma! Tuambie basi, serikali inakula nini asubuhi?" Nikaingia jikoni kama kawaida. Kama ningemwambia, msitu aliujua kuliko askari wote. Sikumwambia, kwa sababu ningelazimika kusema nilijuaje.

Lori lilikuja Jumanne, ukungu haujapanda. Wewe ulikuwa shule ng'ambo ya bonde. Mimi nilikuwa nimewapelekea uji kwenye shimo la kupasulia mbao. Siku hiyo baba yako alikuwa zamu ya chini, msumeno unamwagia unga kichwani. Wakashuka askari watatu, wote wageni, na Babu Jumbe anawakimbilia nyuma bila viatu.

"Nani hapa Njoroge wa Kamau?"

Hakuna aliyejibu. Watu hawakuwa wanaficha. Wengi hawakulijua jina.

Babu akasema, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo. Huyu ni Luvanda. Mnyalukolo wetu."

"Mzee, mimi sikuja kubatiza watu upya," askari akamjibu. "Nina karatasi."

Bibi alikuwa amefika na jembe lake. "Karatasi yako imekula wapi ugali na sisi? Huyu ni mkwe wangu. Nimemlisha zaidi ya miaka kumi. Nenda kamwambie aliyekutuma aje yeye, nimwambie!"

"Mama, weka jembe chini."

Baba yako akatoka shimoni mwenyewe. Alikuwa mweupe wa unga wa mbao, nyusi na kope, macho tu ndiyo yake. Akasema, "Hebu nione kama wameandika sawa." Askari, sijui kwa nini, akampa karatasi. Ilikuwa nakala ya ukurasa ule. Nilikuwa nimeinakili mimi.

Baba yako aliujua mwandiko wangu, Danieli. Kila likizo mimi ndiye niliyemwandikia majina ya wateja kwenye mbao zake. Alikuwa anasema "k" yangu inafanana na mtu aliyepiga teke. Aliitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko inavyochukua kuisoma. Kisha akaikunja, akamrudishia askari.

"Ndiyo mimi," akasema. "Wameandika vizuri."

Hakugeuka kunitazama. Nilikuwa hatua nne kutoka alipo, na kibuyu cha uji, na hakugeuka. Babu alikuwa pale, Bibi ana jembe, kijiji kizima kimekuja. Kama angenyoosha kidole tu, sijui kama leo ningekuwa naishi kwetu. Alimwambia mwenzake aupake msumeno mafuta usishike kutu. Akapanda lori. Akasema, "Kamau akirudi mwambieni," na hapo injini ikawaka, sikusikia mengine. Nimewauliza wote waliokuwepo. Hakuna aliyesikia.

Ulirudi saa nane ukauliza baba yuko wapi. Tulikuwa tumekwisha kukaa, wakubwa, tukaamua. Bibi aliogopa kwamba wakijua ana mtoto watasema mtoto hufuata kabila la baba, na lori litarudi. Kwa hiyo usijue, ili usiseme. Babu akasema, "Mwambieni Chunya. Kwa sasa tu." Wote tulikubali, nami nikawa wa kwanza kuitikia kwa kichwa, na kijiji kizima kikaonywa kisilitaje lori mbele yako. Sisi nasi tulikuwa tumekaa chumbani tukiwa na hofu, tukapitisha neno dogo la tahadhari, na aliyelipia hakuwepo.

Umelilipia. Nilikuona ukikaa kwenye kichuguu cha barabarani kila Jumamosi, mwezi wa kwanza, wa pili. Nilikuona siku ulipoacha kukaa. Nilikuwepo ulipokipasua kile kigoda alichokuchongea, ukakitia jikoni kipande kipande, na Bibi akasema mwacheni. Na karatasi za shule ya Mbeya zilipokuja, mimi nikashika kalamu, nikakuuliza jina la baba. Ukasema, "Andika hana."

Nikakuambia tutalijaza baadaye. Ulidhani nimekuonea huruma.

Sasa sikia lililobaki. Miezi miwili iliyopita ilikuja barua kwa Babu Jumbe, bahasha imefunguliwa na kugongwa mhuri wa kwamba imesomwa. Mimi ndiye msomaji wa nyumba hii, kwa hiyo niliisomea wazee, nikaruka sentensi moja. Halafu nikaificha. Nimeiweka ndani ya hii. Ni ya baba yako, kwa mkono wake. Yuko hai. Yuko kambini, hasemi wapi. Anasema kazi ni kuvunja mawe na mgongo umezoea. Anasema nyama ni mara chache, na siku ya sikukuu ilipokuja ilikuwa figo, akampa mwenzake, na wazee waambiwe. Babu aliposikia hilo alitoka nje, akakaa barazani kwenye baridi, hakuingia mpaka giza.

Anasema Kamau asome.

Sentensi niliyoiruka ni ya mwisho. "Mwambieni shemeji kakakuona kwamba mwandiko wake bado ni mzuri."

Nimeisoma mara nyingi hata karatasi imelegea pale. Siku nyingine naiona ni mzaha wake, wa kunitoa jikoni, wa kusema nimejua na yamekwisha. Siku nyingine naiona ni kisu. Wewe uliijua sauti yake kuliko mimi. Mlikuwa mnacheka mambo ambayo sisi hatukuyasikia. Isome. Ukijua alimaanisha nini, niandikie. Ukijua na hutaki kuniambia, hiyo pia ni haki yako.

Sikuambii useme uongo kwenye karatasi za watu, mwanangu. Mpaka leo sijui kama Babu alidanganya au mimi ndiye niliyedanganya kwa kuandika ukweli nusu. Nilichojifunza ni kidogo. Nilikuwa na mdomo, nikaona aibu kuuliza mstari ule ni wa nini na unakwenda wapi. Nilijua kusoma kuliko kijiji kizima, na sikuuliza. Nawe unajikunja kama mimi, nimekuona. Usidhani ni upole. Mimi nilidhani hivyo.

Safari hii niliuliza. Wiki iliyopita, nilipowaambia nakwenda Iringa kumwona mgonjwa, nilikwenda Kihesa nyumbani kwa Mzee Athumani, nikapiga hodi. Mkewe alinifungulia, na mzee mwenyewe aliponiona akaweka kisahani chini. Nilimwonyesha karatasi zako za shule, nikamwuliza mstari wa jina la baba ni wa nini, nani anausoma, na unakwenda wapi baadaye. Aliniangalia akasema, "Leo taipu imejigonga yenyewe." Kisha akanijibu kama mtu mzima. Alisema unakaa kwenye kabati la mwalimu mkuu, ili ukiugua wajue nani wa kumwandikia. Malori hayaendi tena, na orodha zile zimefungwa. Nikamwuliza kama ataapa kwamba hazitafunguliwa. Akasema, "Hapana, binti. Hilo siwezi kukuapia. Nimekaa boma miaka mingi."

Kwa hiyo unayajua yote ninayoyajua. Bibi anataka iandikwe Luvanda, ili uwe salama. Wewe ulisema iandikwe hana. Kuna na lile jina jingine, la nyumbani, ambalo niliwahi kuliandika bila kumwuliza mwenyewe.

Nawasikia mnarudi, Bibi anakugombeza kwa ajili ya tope. Nitaifunga barua hii pamoja na ya baba yako katikati ya blanketi, utaikuta Mbeya utakapolifungua. Karatasi za shule ziko juu kabisa ya mzigo wako, pamoja na kalamu. Nimejaza jina lako, kijiji, dini na darasa. Mstari mmoja nimeuacha mtupu. Huo sitaujaza mimi.

Mama yako mdogo,
Paulina